Mtenda Asiyetajwa: Sarufi ya Uaminifu katika Majina ya Watu ya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki majina ya watu yanayotumika Mbeya na Iringa kama matini fupi za kifasihi zinazobeba dhamira ya uaminifu kwa Mungu katika maisha yote licha ya udhaifu wa mwanadamu. Data za msingi ni majina ya Kinyakyusa yanayofahamika sana nchini Tanzania. Majina hayo yanalinganishwa na lakabu ya kishujaa ya Uhehe, na majina ya watakatifu yaliyoenezwa na misheni za Kikatoliki, na jina la mhusika mkuu wa riwaya ya Rosa Mistika. Hoja kuu ni kwamba majina ya Kinyakyusa hayatangazi uaminifu wa mwenye jina. Sarufi yake humweka Mungu katika nafasi ya mtenda na mwanadamu katika nafasi ya mpokeaji, na pale mwanadamu anapokuwa kiima, kitenzi hubadilika kuwa cha kuwapo, cha kupokea, cha kusihi au cha kungoja. Kwa sababu hiyo jina linaweza kumvumilia mwenye jina hata anapoanguka.

1. Utangulizi

Mtoto anapopewa jina hajatenda lolote. Hajaamini, hajakana, hajaahidi na hajavunja ahadi. Hata hivyo, katika jamii nyingi za Nyanda za Juu Kusini, siku hiyo hupewa sentensi kamili inayomhusu yeye na Mungu, na sentensi hiyo ataitwa kwayo mpaka siku ya kuzikwa kwake. Hapo pana swali la kifasihi na la kiimani kwa pamoja: je, matini iliyotungwa kabla ya maisha inawezaje kubaki kweli baada ya maisha hayo kuishiwa, pamoja na makosa yake yote?

Jibu lililozoeleka ni kwamba jina ni dua ya wazazi. Wazazi humtakia mtoto uaminifu, na mtoto akikua ama hulitimiza jina ama huliaibisha. Usomaji huo una ukweli wake, lakini una kasoro moja kubwa: unalichukulia jina kama ahadi ya mwenye jina, wakati maneno yenyewe hayasemi hivyo. Makala haya yanapendekeza kwamba mhakiki aanze na sarufi ya jina kabla ya kwenda kwenye nia ya aliyelitoa. Sarufi hiyo ikisomwa kwa makini, mzigo wa uaminifu unaonekana kuwa mahali tofauti na pale ambapo usomaji wa kawaida umeuweka.

2. Jina na mipaka ya tanzu

Uainishaji wa M. M. Mulokozi katika makala yake “Tanzu za Fasihi Simulizi” (Mulika 21, 1989) umekuwa msingi wa ufundishaji wa fasihi simulizi katika vyuo vya Tanzania kwa zaidi ya miongo mitatu. Katika utanzu wa semi, Mulokozi anaziweka methali, vitendawili, mafumbo, misimu, lakabu na kauli-tauria. Lakabu imepata nafasi, na ni haki yake, kwa kuwa huwa na sitiari, kejeli au sifa inayobanwa katika neno moja au maneno machache. Jina la kuzaliwa na jina la ubatizo hayakupewa nafasi hiyo.

Kuachwa huko kunaeleweka. Jina la kuzaliwa huonekana kuwa alama tu ya utambulisho, na katika jamii nyingi maana yake imefifia kiasi kwamba hata mwenye jina haijui. Lakini kigezo hicho hakitoshi kwa majina ya Rungwe na Kyela. Ambwene, Atupele, Tulinagwe na Subilaga ni tungo zinazoeleweka na msemaji yeyote wa Kinyakyusa, na kila moja ina kitenzi chake. Zina ufupisho wa methali na umbo lisilobadilika, na zina fumbo ndani yake, kwa sababu mtenda katika nyingi ya tungo hizo hatajwi. Zaidi ya hayo zina utendaji: hutamkwa kila siku na watu wengine mbele ya mhusika mwenyewe. Methali husubiri tukio ndipo itolewe, ilhali jina hutolewa hata pale ambapo hakuna tukio, mtu anapoitwa kula au kwenda kuchota maji. Ni vigumu kupata matini ya kifasihi yenye hadhira ya kudumu kuliko hiyo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba jina hilo haliji peke yake. Hufuatwa na jina la ukoo, ambalo kwa Wanyakyusa mara nyingi huanza na Mwa-. Jina la mwanamuziki wa injili Ambwene Mwasongwe ni mfano unaojulikana na wengi. Sehemu ya kwanza husimulia tendo la Mungu, na ya pili humfunga mtu na wahenga wake. Msikilizaji asiyejua Kinyakyusa hupata sauti tu, bali anayekijua huwa amesikia ushuhuda kabla wimbo haujaanza.

3. Nani anatenda?

Majina yanayojadiliwa hapa yanaweza kupangwa katika makundi manne kwa kufuata umbo lake la kisarufi.

Kundi la kwanza ni la tendo lililokamilika. Ambwene lina maana ya “ameniona”, Ambilikile “ameniita”, Atupele “ametupa”, Atuganile “ametupenda” na Asajile “amebariki”. Katika majina haya kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja ndicho kiima. Mwanadamu, kama yumo, amewekwa katika kiambishi cha yambwa: nafsi ya kwanza umoja katika Ambwene na Ambilikile, na nafsi ya kwanza wingi katika Atupele na Atuganile. Kitenzi kiko katika umbo timilifu. Kwa hiyo jina halisemi kwamba Mungu ataona, wala haliombi kwamba apende. Linasema jambo limekwisha kutendeka, na matokeo yake ni mtoto huyu aliye mbele ya watu.

Jambo la kuzingatia ni nafsi inayosema. Mzazi anapomwita mwanawe Ambwene, kwa wakati wa kutoa jina mwenye kuonwa ni mzazi. Lakini jina likishatolewa, kiambishi cha nafsi ya kwanza kinahamia kwa mtoto, na kila ajitambulishapo husema mwenyewe kwamba ameonwa. Ushuhuda wa mtu mmoja umerithiwa na mwingine bila neno hata moja kubadilishwa.

Kundi la pili ni la kuwapo. Alinanuswe ni “yu pamoja nasi”, na Tulinagwe ni “tu pamoja naye”. Jozi hii ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mada ya makala haya, kwa sababu inaonyesha pande mbili za agano. Katika la kwanza kiima ni Mungu, na katika la pili kiima ni watu. Hata hivyo, mwanadamu alipopewa nafasi ya kiima hakupewa kitenzi cha tendo. Jina halikusema “tumemtumikia” wala “tumemtii”. Lilichagua kitenzi cha kuwa, pamoja na kihusishi cha uandamani. Uaminifu wa mwanadamu hapa ni kuwa mahali fulani, ubavuni mwa mwingine. Mtu anaweza kujikwaa akiwa njiani na mwenzake na bado akawa pamoja naye, lakini hawezi kusema “tumemtii” siku aliyoasi.

Kundi la tatu ni la agizo na matakwa. Tumwitike, yaani “tumwamini” au “tumwitikie”, liko katika umbo la matilaba. Ni wito unaomjumuisha anayeutoa. Subilaga ni agizo lenye kiambishi tamati -aga, ambacho katika Kinyakyusa huonyesha kuendelea au kurudiarudia. Maana yake haiishii kwenye “tumaini” la mara moja; ni kama kusema “uwe ukitumaini”, “endelea kutumaini”. Hapa dhana ya maisha yote imo katika mofimu yenyewe. Tafsiri yake ya karibu katika Kiswahili ni Tumaini, jina linalopatikana sana Mbeya na Iringa kote. Kiswahili Sanifu hakina umbo linalolingana na -aga, ingawa mazungumzo ya Watanzania wengi yanalo katika kauli kama “anakujaga”, ambazo walimu wa lugha huzikataza. Tumaini laweza kuwa nomino au agizo, nalo limepata utata mzuri wa kishairi kwa sababu hiyo, lakini limepoteza muda mrefu uliokuwa ndani ya Subilaga.

Kundi la nne ni la nomino: Lwitiko (imani), Lusajo (baraka), Lugano (upendo), Lusekelo (furaha), Ipyana (neema), na umbo la kimilikishi Gwakisa (wa huruma). Kati ya hayo, Lwitiko linahitaji maelezo zaidi. Imani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwa msemaji wa Kiswahili halioneshi mzizi wake waziwazi. Lwitiko linatokana na kitenzi -itika, ambacho Kiswahili nacho kinakijua: mtu huitika anapoitwa. Kwa hiyo imani katika jina hili ni itikio. Likisomwa pamoja na Ambilikile, majina haya mawili yanakuwa mazungumzo, la kwanza likiwa mwito na la pili jibu. Itikio halianzi lenyewe. Daima hutanguliwa na sauti ya mwingine, na aliyechelewa kuitika mara ya kwanza bado anaweza kuitika mara ya pili.

Yapo majina yanayoonekana kuipinga hoja hii. Tuponile, “tumepona”, na Tusajigwe, “tumebarikiwa”, yana mwanadamu katika nafasi ya kiima, tena katika umbo la jambo lililokwisha kutimia. Lakini uchunguzi wa dhima za kisemantiki unaiimarisha hoja badala ya kuivunja. Tusajigwe liko katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo kiima chake ndiye mpokeaji wa tendo. Tuponile halina kauli ya kutendwa, ila kitenzi chake ni cha mtu aliyepatwa na hali, wala si cha mtu aliyefanya kazi. Aliyepona hakujiponya. Kwa hiyo katika majina yote yaliyotajwa hapa, mwanadamu hapewi hata mara moja nafasi ya mtenda wa jambo lililokamilika mbele za Mungu. Ukamilifu umewekwa upande mmoja tu.

4. Mtenda asiyetajwa

Majina ya kundi la kwanza hayamtaji Mungu. Kiambishi a- kinaweza kumrejelea mtu yeyote, na ni jamii ya wasikilizaji inayojua kwamba anayesemwa ni Kyala. Jina Kyala lenyewe lina historia. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, anaeleza katika Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) kwamba Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale waliotolewa sadaka katika sehemu takatifu, pamoja na Lwembe wa Lubaga. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, ambao wote waliingia nchi hiyo mwaka 1891, walilichukua jina hilo kumtajia Mungu wa Biblia.

Mhakiki anayedai kwamba majina haya ni ya Kikristo tangu asili, na yule anayedai kwamba Ukristo umeyavamia, wote wawili wanasahau kwamba matini haikutaja jina. Umbo la utungo liliacha nafasi, na nafasi hiyo iliweza kupokea maana mpya bila kubomoka. Kifasihi hili ni fumbo lenye jibu linalotegemea imani ya hadhira. Kimaudhui ni unyenyekevu wa aina yake: anayesifiwa hatajwi, na anayetajwa kila siku hasifiwi.

5. Lakabu ya Uhehe: jina linalolipwa kwa matendo

Tofauti ya sarufi hii inaonekana wazi ikilinganishwa na lakabu maarufu zaidi ya Iringa. Mkwawa ni ufupisho wa Mukwavinyika, jina la sifa lenye maana ya mtwaa nchi. Hapa mwenye jina ndiye mtenda, na tendo ni la ushindi. Lakabu ya namna hii hutolewa kwa sababu ya matendo na huhitaji matendo ili iendelee kuishi. Mulokozi ameichunguza hali hiyo kwa njia ya tamthiliya katika Mukwava wa Uhehe (1979), ambamo kiongozi anayebeba jina kubwa lazima akabiliane na nguvu za Wajerumani.

Historia inajulikana. Mwaka 1898, baada ya miaka ya kuwindwa, Mkwawa alijiua kwa risasi asije akakamatwa. Fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 likawa alama ya heshima iliyorejeshwa. Katika mantiki ya lakabu ya kishujaa, kifo hicho kilikuwa na maana: kukamatwa kungelikanusha jina. Mwenye jina alilazimika kulilinda jina lake hadi dakika ya mwisho, kwa gharama yoyote.

Majina kama Ambwene na Alinanuswe hayana dai hilo. Ambwene aliyeshindwa bado ni mtu aliyeonwa. Hakuna tendo lake linaloweza kuyafanya maneno hayo kuwa uongo, kwa sababu hayakuwa yakimhusu yeye kama mtenda. Hapa ndipo panapopatikana jibu la swali la utangulizi. Jina la kishujaa hubebwa na mwenyewe. Jina la agano humbeba mwenyewe.

6. Jina la mtakatifu: maisha yaliyokwisha juu ya maisha yanayoanza

Iringa ya Kikatoliki inaleta umbo la tatu. Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919 kuendeleza kazi iliyoanzishwa na Wabenediktini, na Tosamaganga ikawa kitovu chao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, iliwataka maparoko wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Iwapo wazazi walishikilia jina lingine, paroko alipaswa kuongeza jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika daftari la ubatizo. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, ililegeza sharti hilo, ikitaka tu kwamba jina lisiwe geni kwa mtazamo wa Kikristo. Chini ya kanuni hiyo ya pili, Tumaini au Lwitiko halihitaji tena kusindikizwa.

Jina la mtakatifu si sentensi. Ni rejeleo la maisha ya mtu mwingine yaliyokwisha kukamilika na kuthibitishwa. Ukilitazama juujuu utadhani linafanana na lakabu ya kishujaa, kwamba mtoto anapewa kipimo cha juu na kuambiwa akifikie. Lakini orodha ya watakatifu yenyewe inapinga usomaji huo, na jina Petro ndilo linaloupinga zaidi. Simoni alipewa jina la mwamba (Mathayo 16:18) kabla hajamkana Bwana wake mara tatu usiku wa mateso (Mathayo 26:69–75). Jina lilitangulia anguko, na baada ya anguko halikufutwa.

Injili ya Yohana inaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika mazungumzo ya ufukweni (Yohana 21:15–17), Yesu anamwita kwa jina lake la zamani, Simoni wa Yohana, mara zote tatu, wakati msimulizi anaendelea kumtaja kuwa ni Petro. Sauti mbili zinatumia majina mawili kwa mtu mmoja. Aliyeanguka anaulizwa swali kwa jina la udhaifu wake, huku simulizi likiwa limekwisha kumhifadhia jina la wito wake. Kila anayebatizwa Petro hupewa yote mawili katika neno moja. Kwa hiyo jina la mtakatifu, likisomwa pamoja na simulizi lake, linakaribiana na sarufi ya Kinyakyusa kuliko na lakabu: uthabiti unatoka kwa aliyeita.

7. Pingamizi la riwaya

Hoja hii ingekuwa nyepesi kama isingepimwa kwa kazi inayoikataa. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anampa mhusika mkuu jina linalotoka katika Litania ya Loreto, sifa ya Bikira Maria. Ndugu zake ni Flora, Honorata, Stella, Sperantia na Emanuel. Nyumba ya Zakaria na Regina huko Namagondo, Ukerewe, imejaa maneno ya ibada: Sperantia ni tumaini, na Emanuel ni Alinanuswe kwa lugha nyingine. Majina hayo hayamwokoi Rosa. Malezi ya ukali usio na upendo, unafiki wa wanaume na wepesi wa jamii kuhukumu vinamfikisha kwenye kujiua.

Wengi wamelisoma jina la Rosa kuwa kejeli, na kejeli imo. Hata hivyo kuna tofauti inayopaswa kutajwa. Kejeli hufanya kazi pale tu ambapo jina limechukuliwa kuwa kipimo cha mwenye jina. Jamii ya riwaya hiyo inamsoma Rosa kama inavyosomwa lakabu ya shujaa: ulipewa jina la usafi, basi kaa safi, na ukichafuka huna nafasi tena. Hakuna mtu anayemwita kwa namna ambayo Petro aliitwa ufukweni. Kwa mtazamo huu riwaya haithibitishi kwamba jina la ibada ni tupu. Inaonyesha hatari ya jina la neema kuanguka mikononi mwa wasikilizaji wanaolisoma kwa sarufi ya mastahili.

Pingamizi hilo linasaidia pia kuweka mipaka ya makala haya. Umbo la jina si ushahidi wa imani ya mtu. Kuna wanaoitwa Lwitiko wasioamini, na waaminifu wengi ambao majina yao hayana maana ya kidini. Sarufi inaonyesha tu namna gani ya uaminifu inawezekana kufikiriwa ndani ya matini. Kuilinda maana hiyo au kuiua ni kazi ya jamii inayoita.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya Kinyakyusa yanastahili nafasi katika utanzu wa semi kando ya lakabu, na kwamba tofauti kati ya aina hizi mbili si ya hadhi tu bali ni ya sarufi. Lakabu ya kishujaa humfanya mwenye jina kuwa mtenda na kumdai matendo. Jina la agano humfanya mwenye jina kuwa mpokeaji wa tendo lililokwisha kutimia, kisha humwagiza angoje, aitike na awe pamoja. Jina la mtakatifu, likisomwa na simulizi lake zima, husimama upande huo wa pili.

Hatari iliyopo sasa ni ya lugha. Kadiri watoto wa Mbeya mjini na Iringa mjini wanavyokua wakizungumza Kiswahili peke yake, ndivyo Ambwene anavyozidi kuwa sauti isiyo na viambishi. Jina litabaki katika cheti cha kuzaliwa, na mwenye jina ataitwa kwalo maisha yake yote bila kujua kwamba anaambiwa ameonwa. Utafiti wa majina haya katika Kihehe, Kibena na Kikinga, kwa kufuata viambishi vyake na si tafsiri zake tu, ni kazi inayopaswa kufanywa wakati wazee wanaoyasikia majina hayo kama sentensi bado wapo.